Ukuta wa Chini kwa Mzee Nassor

Nasikia siku hizi mnavika kuta mbao. Juzi nilikuwa nyuma ya bodaboda, barabara ya stesheni hapa Tabora, nikaona gesti mpya mlango wazi, na ndani ukuta mzima mbao zinang'aa. Nikamwambia dereva asimame. Dada wa mapokezi akasema, "Shikamoo babu, unataka chumba?" Nikamjibu marahaba mwanangu, chumba sitaki, nataka kugusa ukuta. Akanitazama kama mtu aliyepotea njia ya kwenda hospitali. Nikagonga kwa kidole, nikasikia. Mmebandika mbao juu ya plasta moja kwa moja, hakuna nafasi nyuma hata ya kupita mjusi. Nikatoka bila kusema neno, na huko kutosema kumeninyima usingizi.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi mafundi vijana, mliofanya kazi ile na mtakaofanya nyingine. Mimi ni Maganga, seremala mstaafu. Sasa nalima karanga na mihogo kijijini Ntalikwa, na jembe nalishika vibaya kuliko randa. Haya nitakayosema si siri. Nusu ya Tabora wanayajua, na kila nikipita sokoni kuna mtu anayemgusa mwenzake bega. Wengine wanasimulia wakiongeza lao, eti nyumba ilianguka. Haikuanguka. Afadhali msikie kwangu, kwa sababu mnanisalimia kwa heshima nyingi mno na mimi heshima hiyo inanichoma.

Kwanza kazi yenyewe, maana najua wengine mtaacha kusoma mkishapata mnachotaka. Shauri yenu.

Mbao za kuvika ukuta zina ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Ulimi wa ubao huu unaingia kwenye mfereji wa ule, zinashikana, msumari hauonekani. Mimi nilijifunza kwa Fundi Mihayo, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye mdomo mrefu, aliyekuwa anatoa ndimi hizo kwa randa ya mkono, ubao baada ya ubao, huku akimtukana kila mtu anayepita. Siku za mwanzo alinikabidhi rundo la mbao akasema, "Zisafishe." Akaenda msibani. Mimi nikaziangalia, nikaona kila ubao una ukingo mwembamba umejitokeza ubavuni. Nikasema ahaa, huu ndio uchafu wenyewe. Nikapiga randa kwa bidii mpaka mchana, nikanyoa ndimi zote, mbao zikawa laini pande zote kama meza. Mihayo aliporudi alisimama mlangoni, akavua kofia, akaivaa tena. Akasema, "Maganga, umezifanya mabubu." Hakunipiga. Alinipa kazi ya kuzitoa ndimi tena upya, na ubao uliokwishanyolewa ukichongwa ulimi mwingine unakuwa mwembamba, hautoshi ukuta, kwa hiyo zote zikaishia kuwa mabanda ya kuku. Kila kuku wa Mihayo alilala nyumba ya mninga safi. Mpaka anazeeka, akiwa na wageni alinitambulisha hivyo: huyu ndiye fundi wa kuku.

Basi sikilizeni. Mbao zikifika, msizipige siku hiyo. Zilazeni ndani ya chumba chenyewe, zikipangwa na vijiti katikati zipate hewa, zizoee chumba. Mbao iliyokauka juani Septemba, ukiibana sana, ikifika Desemba inakunywa unyevu, inavimba, inatoa tumbo. Ukutani piga kwanza vipande vyembamba tunavyoviita papi, vilale kama mbao zitasimama, visimame kama mbao zitalala. Tumia pima maji, usitumie jicho, jicho la fundi likishasifiwa linakuwa jeuri. Anzia kona, ubao wa kwanza ndio wa kuhangaika nao, ukinyooka huo wengine wanafuata. Msumari unapita kwenye ulimi, kimshazari, ubao unaofuata unaufunika. Na usipige ulimi kwa nyundo! Chukua kipande cha ubao chakavu chenye mfereji, kivishe ulimi, ugonge hicho. Chini na juu acha nafasi ya kidole, utaificha kwa ubao mdogo. Kona ya mwisho pima juu, pima katikati, pima chini, kwa sababu hakuna ukuta wa zamani ulionyooka Tabora hii, na anayekuambia upo anakuuzia nyumba.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Nimewaambia ili mfahamu kwamba sikukosea kwa kutokujua kazi.

Mzee Nassor ana nyumba ya zamani karibu na soko, nyumba ya wafanyabiashara, babu zake walitoka Oman na ramani yake kichwani, wakaijenga hapa kwa mawe na chokaa. Ina kitu ambacho nyumba nyingine za hapa hazina: chumba cha chini. Unafungua mlango nyuma ya sebule, unashuka ngazi za mawe, unakuta chumba kipana chini ya ardhi, kina dirisha dogo juu usawa wa uwanja. Enzi za misafara walihifadhi humo nta na asali, na magunia ya chumvi kutoka Uvinza yakisubiri wapagazi wa kwenda pwani. Baadaye kikawa stoo ya vitanda vibovu.

Sasa Mzee Nassor alizeeka, na joto la Oktoba likawa linamtesa. Mnalijua joto hilo kabla ya mvua, bati linalia, mbwa anahema kivulini. Mzee alikuwa anakaa na kanga iliyoloweshwa maji kifuani, hali chakula. Binti yake, Bi Zainabu, mwenye duka la vitambaa, ndiye anayemtunza. Siku moja mzee alimfuata paka chini, akakuta kumepoa, akalala usingizi juu ya gunia tupu, usingizi ambao hakuupata wiki nyingi. Bi Zainabu akasema basi, baba yangu atahamia chini. Ila kuta zilikuwa zinamwaga vumbi la chokaa, mzee kifua chake ni chepesi tangu ujana. Akaniita mimi. "Fundi Maganga, nataka umvishe baba yangu ukuta mbao, asimeze vumbi."

Niwaambie ukweli, nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nakaribia kustaafu. Makabati nimetengeneza, milango nimetengeneza, majeneza nimetengeneza mpaka nikachoka. Chumba cha chini kilichovikwa mninga wote, hakuna fundi Tabora aliyewahi. Nilikuwa nashuka zile ngazi nikijiona nimeshakuwa mtu wa kusimuliwa. Mihayo angekuwa hai ningemwita aje aone.

Bi Zainabu alikuwa ameita pia mwashi wa kurekebisha ngazi na kuziba mashimo. Mwashi huyo alikuwa Ndahani.

Ndahani ni Mgogo. Alikuja na treni miaka mingi iliyopita, akaoa huku, akakaa. Na mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo yule ni mtani wangu, na kama hamjui utani ni nini, waulizeni bibi zenu, maana naona siku hizi mnatukanana kwenye simu na watu msiowajua mnadhani ndiyo utani. Mtani anakutukana mbele ya mkwe wako na unacheka. Anakula chakula chako, unashukuru. Kukasirika ni mwiko. Tumetoka nao mbali, tangu babu zetu wanapita kwao na mizigo kichwani, na wao wanawatoza hongo ndipo wanywe maji ya visima vyao. Kwa hiyo Ndahani akiniona tu: "Mpagazi! Leo umebeba nini?" Nami: "Nimebeba maji, njoo unioshe miguu nikupe tone." Aliwahi kuificha baiskeli yangu siku nzima, nikaikuta amemwazima mwalimu wa kwaya. Mimi nilimtangazia kanisani kwamba anatafuta mke wa pili. Mke wake alicheka, yeye akacheka, tukala pamoja. Nilimpenda yule mtu. Ni mvivu asubuhi, anakula kama anahama, anajisifu, lakini ukifanya naye kazi siku haichoshi.

Siku ya tatu au ya nne ya kazi, mimi napima ukuta wa nyuma, yeye yupo kwenye ngazi na mwiko wake. Nikamwona amenyamaza. Ndahani kunyamaza si jambo la kawaida. Akashuka, akaja, akauparuza ukuta kwa kucha. Plasta ilikuwa na kitu cheupe kama unga kimechipuka, mstari mrefu, kama usawa wa kiuno cha mtu.

"Mpagazi, ukuta huu unakunywa maji."

"Hiyo ni chumvi," nikamwambia. "Waliweka chumvi ya Uvinza humu tangu babu yake mzee. Imeingia ukutani."

"Chumvi ya gunia haipandi mstari. Hii imeletwa na maji. Nje huko nyuma bati lote linamwaga hapa hapa. Sasa ni kiangazi, umetulia. Mvua ije uone. Uchimbwe mtaro nje, ukuta upigwe plasta ya kuzuia maji, uachwe wazi masika moja tuuangalie. Ndipo uvike."

Masika moja! Na mzee anateseka na joto sasa hivi. Na mbao zangu zimeshalala mle ndani, nzuri, nyekundu, zimepangwa. Na mimi mwaka unaofuata ningekuwa Ntalikwa na jembe. Nikaweka kiganja ukutani. Kilirudi na ubaridi, na unyevu kidogo, kama kiganja cha mtu mwenye homa inayoshuka. Mnaweza kuniuliza kama nilijua. Nilijua. Nusu yangu ilijua pale pale, na nusu nyingine ikaanza kupiga kelele ili ile ya kwanza isisikike.

Bi Zainabu akawa anashuka na chai. Akauliza, "Ndahani anasemaje kuhusu ukuta?"

Nikamjibu kabla Ndahani hajafungua mdomo. Nikasema, "Usimsikilize huyu, Bi Zainabu, ni mtani wangu. Kwao hakuna maji, akiona ukuta umetoka jasho anadhani amepata kisima! Anataka atutoze hongo hapa, kama babu zake walivyowatoza babu zetu."

Bi Zainabu alicheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. Vibarua wakacheka. Na Ndahani naye akacheka, afanyeje? Nimemtania mbele ya watu, desturi inamtaka acheke. Kisha akatua mwiko, akasema kwa sauti ya chini, "Bi Zainabu, tuweke utani pembeni kidogo..."

Nikamdaka. "Mgogo akisema tuweke utani pembeni, hapo ndipo utani unapoanza!"

Ikawa kicheko kikubwa kuliko cha kwanza. Ndahani akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, hasira haruhusiwi, na mimi nilijua haruhusiwi, ndiyo maana nililitumia neno lile. Nilimfunga mdomo kwa kitu ambacho babu zetu walitupa ili tusipigane. Akainama, akachukua mwiko, akamaliza ngazi. Bi Zainabu akamwambia kazi ya ngazi ikiisha inatosha, ukuta ni wa fundi Maganga. Akaondoka jioni ile bila kunificha kitu wala kunipora kitu. Nikajiambia amechoka.

Wanangu, niliuvika ule ukuta vizuri. Hii ndiyo inayonitia aibu zaidi, kwamba ulikuwa mzuri. Kila ubao ulikaa, hakuna msumari ulioonekana, kona zilikutana kama viganja vya mtu anayesali. Ila papi nilizipigilia kwenye ukuta ule ule unyevu, na zilikuwa za mbao laini, na nafasi ya nyuma niliifanya nyembamba ili chumba kisipungue, na matundu ya hewa chini na juu sikutoboa, kwa sababu yangeharibu sura. Hayo matundu angenikumbusha mtu yeyote. Lakini mtu wa kunikumbusha nilikuwa nimemfukuza kwa kicheko.

Mzee Nassor alihamia chini. Aliniita nimwone amekaa kitandani, akapapasa mbao kwa mkono wake mwembamba, akasema, "Maganga, umenijengea Maskati hapa hapa Tabora." Alikuwa na desturi ya kusoma Kurani kwa sauti baada ya sala ya alfajiri, sauti nzuri mno, majirani hata sisi Wakristo tulikuwa tunaijua. Akawa anasomea chini, na sauti inatokea kwenye lile dirisha dogo usawa wa uwanja, watu wa mtaa wanasimama. Mbao zilikuwa zinaipokea ile sauti. Nikipita na baiskeli nasimama nasikiliza, nasema moyoni, ukuta wangu ule.

Mvua zikaja. Krismasi ikapita. Bi Zainabu akanipigia simu. "Fundi, njoo unuse chumba. Kuna harufu." Nikaenda. Harufu ilikuwepo, harufu ya kanga iliyosahauliwa ndani ya beseni. Nikamwambia ni vanishi, itaisha. Nilisema hivyo nikimwangalia usoni. Mzee alikuwa anakohoa kidogo pale kitandani, akasema, "Mvua tu hizi, kila mwaka nakohoa."

Halafu akaacha kusoma kwa sauti. Halafu akapelekwa hospitali, akalazwa, akawekewa hewa ya mtungi. Daktari alimuuliza Bi Zainabu swali moja, mzee analala wapi? Alipojibiwa akasema, nendeni mkafunue hizo mbao.

Hamjawahi kufunua ukuta wa ndimi na mifereji, niwaambie unavyofunuliwa. Huwezi kuanzia unapotaka. Ulivyofunga ndivyo unavyofungua, kinyume. Unaanza na ubao wa mwisho uliopiga, unarudi nyuma ubao kwa ubao kwa njia ile ile uliyokuja nayo, na kila msumari unakumbuka siku ulipoupiga. Niliifanya mwenyewe. Bi Zainabu alisimama kwenye ngazi, mtandio puani. Ubao wa kwanza ulipotoka, harufu ikatupiga usoni. Nyuma kulikuwa kweusi. Ukungu, wanangu, ukungu mweusi wenye manyoya, kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno, na juu yake wa kijani. Papi zilikuwa laini, nazikandamiza kwa kidole zinaingia kama mhogo uliochemka. Na mninga? Mninga ulikuwa mzima kabisa. Mninga hauozi upesi, nilikuwa nikiwaambia wateja hivyo kwa kujidai. Mbao zangu zilibaki nzima, kilichoharibika ni kifua cha mtu.

Nilisubiri Bi Zainabu anitukane. Ana haki, na ulimi wake ni mkali, waulizeni wanaonunua vitambaa kwake. Akatazama ule ukuta. Akasema, "Ndahani alisema." Basi. Kisha akasema, "Tukacheka."

Alisema *tukacheka*. Alijiingiza na yeye. Yule mwanamke alijitwika kicheko ambacho nilikitengeneza mimi, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia hapana Bi Zainabu, hicho ni changu peke yangu. Nimemwambia baadaye, lakini baadaye ni baadaye.

Akaniagiza nikamwite Ndahani. Nilipanda baiskeli kwenda kwake, mtaa wa Ng'ambo, na njia nzima nilikuwa nayapanga matusi atakayonitukana. Kweli kabisa, niliyatamani. Ataniita mpagazi aliyebeba ukungu. Ataniambia nirudi kwetu nikachimbe viazi. Atanipora baiskeli, aiuze, ale. Ningempa na kofia. Mtani akikutukana umesamehewa, hiyo ndiyo kazi ya utani, unatukanwa, mnacheka, limekwisha.

Nilimkuta uani anafua. Akaniona. Akajifuta mikono kwenye suruali, akasimama wima.

Akasema, "Shikamoo, Mzee Maganga. Karibu."

Tunalingana umri, au amenizidi kidogo. Miaka yote ile hajawahi kunisalimia hivyo, wala mimi yeye. Nilisimama nimeshika usukani wa baiskeli kama mtu aliyeombwa leseni. Mke wake akaleta kigoda. Nikamweleza yote, ukungu, mzee, hospitali. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza nikasema, "Nitukane basi, Ndahani." Akasema, "Hapana, mzee. Mgonjwa anaendeleaje?"

Alikuja akafanya kazi. Alichimba mtaro nyuma, akageuza maji ya bati, akabandua plasta yote ya zamani, akapiga mpya. Mimi nilikuwa nambebea mchanga, kwa hiari yangu. Nikajaribu kumchokoza, nikasema, "Leo Mgogo umeoga?" Akajibu, "Ndiyo, mzee. Nashukuru." Vibarua wakatazamana. Nikarudia siku nyingine, nikamwambia kwao mbuzi wanaoga kabla ya watu. Akatabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia padri akikosea jina lako. Nikaacha. Mtu mzima unaomba matusi kama mtoto anayeomba pipi, na unanyimwa.

Mzee Nassor alitoka hospitali. Yu hai mpaka leo, alhamdulillahi, nasema na mimi kwa lugha yake. Lakini hakurudi chini, na pumzi yake haikurudi yote. Akisoma sasa anasoma aya nusu, anapumzika, anamalizia. Watu wa mtaa hawasimami tena, maana haifiki nje. Nilikwenda kumwomba radhi, nikapiga magoti mbele ya kiti chake, akaninyanyua kwa mkono ule ule mwembamba akasema ni kadari ya Mungu, Maganga, usijitese. Na kila Idd analeta halua. Mke wangu alikuwa anaikata, anawapa wajukuu. Mimi haijawahi kunipita kooni.

Mbao za mninga Bi Zainabu alizihifadhi. Aliniuliza kama nataka nimtengenezee kabati. Nikamwambia nimestaafu. Nilikuwa nimestaafu siku ile ile nilipong'oa ubao wa mwisho, ambao ndio niliokuwa nimeupiga wa kwanza.

Kwa hiyo ninyi, mkiitwa kuvika ukuta ulio chini ya ardhi au unaolaliwa na udongo nje, uoneni kwanza ukiwa umenyeshewa. Gundisheni karatasi ya nailoni kwenye plasta, pande zote zibeni, ikae siku kadhaa. Ikitoa jasho kwa ndani, ukuta unakunywa, ondokeni mwende mkamwite mwashi. Papi ziwe za mti mgumu. Acheni nafasi nyuma. Toboeni matundu chini na juu, na mteja akisema yanaharibu sura mwambieni sura gani. Na ile gesti ya barabara ya stesheni, nendeni mkaifunue kabla ya Novemba. Nitakuja kuangalia, na safari hii nitasema.

Lakini hayo mngeyapata hata kwenye simu zenu. Ambacho hamtakipata huko ni hiki kingine, na sijui hata namna ya kukiandika kiwe funzo.

Mwaka jana mke wangu, Theresia, alifariki. Tukamzika hapa Ntalikwa. Mnajua misiba yetu inavyokuwa watani wakifika. Walikuja Wazaramo wawili niliofanya nao kazi reli, mmoja akaruka ndani ya kaburi akalala, akasema hatoki mpaka aletewe kuku, na huyo bibi apewe chumba kingine. Mwingine alivaa koti langu akawa analia kama mimi, anajipiga kifua, anauliza nani atanipikia sasa, mimi na meno haya. Watu walicheka huku wanalia. Na mimi nilicheka, jamani, nilicheka siku namzika mke wangu, na ndipo nikaweza kupumua. Ndiyo wanachokuja kufanya. Bila wao mtu anapasuka.

Ndahani siku hizi anaishi Tura, kwa mwanawe. Alipata habari, akapanda treni, akaja. Nilimwona anaingia uani na mkongojo, amezeeka, shati jeupe limepigwa pasi. Nikainuka kwenye mkeka. Nilijua kwamba kama atanitukana tena maishani, ni siku ile. Hata neno moja lingenitosha.

Akavua kofia. Akanipa mkono wake wa kulia, wa kushoto akaushikia kiwiko. "Pole sana, mzee wangu," akasema. "Mungu akutie nguvu." Akaenda kukaa na wageni, akakaa kimya mpaka tulipozika.

Jirani yangu akaniinamia sikioni. "Yule mgeni ana adabu sana," akasema. "Ni ndugu yenu?"

Nikamwambia hapana, tulifanya naye kazi.